Wacha kuniambia "fomati tu"

Kuna maneno mawili nikiyasikia siku hizi damu inachemka: fomati tu.

Unajua venye huwa. Umechomeka kadi ya memori kwa laptopu. Tu-dung, imeingia. Unafungua folda, unaanza kukopi. Asilimia nane, tisa, kumi. Halafu, dung-tu. Imetoka. Hujaigusa, hujatingisha meza, hata paka hajapita. Unaichomoa, unairudisha, inaingia, unashukuru Mungu, inatoka tena. Mara ya tano laptopu inachoka na wewe, inakuletea kile kidirisha cha kuuliza kama unataka kufomati kadi ndio uweze kuitumia.

Uliza mtu yeyote ufanye nini. Uliza fundi, uliza beshte, uliza kijana wa cyber. Watakuambia: "Hiyo ni virusi. Fomati tu."

Leo nataka kusema kwamba huo ushauri ni mbaya, kwamba unaharibu vitu ambavyo vingeokolewa, na kwamba kuna watu huu ushauri unawafaa sana kimfuko. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, juu siwezi kuwasema wengine kama mimi sijajisema.

SALA YA SHOSHO

Desemba iliyopita nilipata kazi ya kurekodi ruracio pale Uthiru. Familia ya watu wazuri, hema ya nyeupe na kijani, sufuria kubwa, wazee kwa viti vya mbele. Kadi nilikuwa nimeinunua tao wiki hiyo hiyo, mia saba. Imeandikwa GB 128, ina nembo ya kampuni kubwa, iko ndani ya ile plastiki ngumu ya kukatwa na makasi. Nilijiona mjanja. Duka lingine walikuwa wanataka zaidi ya mara mbili.

Sherehe ilifunguliwa na shosho ya bibi harusi. Ana miaka tisini na kitu. Alishikwa mikono akasimama, akaomba, akabariki, akataja majina ya watu waliokufa ambao wajukuu wake hawakuwahi kuwaona. Dakika nne hivi. Watu wazima walikuwa wanapangusa macho. Mimi niko nyuma ya kamera najiambia, hii ndio klipu ya leo.

Nikafika kwangu Kawangware saa tatu usiku. Nikachomeka kadi. Na hapa ndio nilifanya kosa la kwanza: sikuanza kukopi sala ya shosho. Nilianza na densi ya jioni. Nilitaka kuposti sekunde thelathini kabla watu walale, nikusanye likes zangu. Faili ya densi ikaingia kidogo, dung-tu, kadi ikatoka.

Kosa la pili: nilichomeka na kuchomoa kama mara kumi na moja, kila saa nikirudia densi ile ile. Sikufikiria hata mara moja kwamba hizo dakika chache ambazo kadi inashika ndio nafasi ya kuokoa kitu cha maana.

Kosa la tatu: asubuhi nilipanda mathree ya 46 hadi tao, nikaenda kwa fundi. Hata simtaji, juu hayuko peke yake, na nina uhakika ningeenda kwa mwingine ningesikia wimbo huo huo. Akaichomeka, ikaingia, ikatoka. Hakuuliza ndani kuna nini.

"Hii ni virusi, mkubwa. Tunafomati tu, inarudi fiti."

"Na video zangu je?"

"Hizo zinarudishwa na programu baadaye. Usijali."

Akafomati. Halafu, ili anionyeshe kadi imepona, akakopi muvi mbili ndani. GB mbili kila moja. Zikaingia safi, na kadi haikutoka tena. Nikamlipa mia tatu. Nikamshukuru, fikiria.

Jioni nilimpelekea beshte yangu anayesomea mambo ya kompyuta. Yeye hakuguswa na haraka yangu. Kwanza alitengeneza nakala nzima ya kadi ndani ya diski yake, akafanya kazi na nakala. Alipata karibu saa moja ya video: magari yakifika, wageni wakinawa mikono, wazee wakicheka. Lakini dakika za kwanza kama kumi na nane hazikuwepo. Mahali pake kulikuwa na muvi mbili za fundi. Na kila kitu cha mchana na jioni, pamoja na ile densi, hakikuwepo popote.

Tulipomaliza kuokoa ndio akaipima kadi yenyewe. Imeandikwa 128. Ndani kulikuwa na GB 16.

Sasa piga hesabu na mimi. Kamera yangu inakula kama GB 13 kwa saa moja. GB 16 ni saa moja na kitu. Baada ya hapo kadi ilikuwa inaambia kamera "nimepokea, nimepokea" huku inatupa kila kitu. Kwa hivyo densi ya jioni iliibwa na aliyetengeneza kadi ya uongo na kila mtu aliyeiuza. Hiyo haikuwahi kuandikwa, na hakuna programu duniani inayoweza kurudisha kitu ambacho hakikuandikwa.

Lakini shosho aliomba mwanzo kabisa. Sala yake iliandikwa. Ilikuwa ndani ya kadi, nzima, siku nzima, usiku mzima. Iliuliwa na "fomati tu", pamoja na muvi za kuonyesha kadi iko sawa.

Mama ya bibi harusi hakunigombeza. Nilimrudishia pesa yake yote, akanyamaza kwa simu, halafu akauliza kitu kimoja: "Kijana wangu, hata sauti tu haikubaki?"

Shosho yuko. Lakini tangu augue mwezi wa pili haongei tena kama zamani.

KWA NINI WANAPENDA KUFOMATI

Nimekaa na hii kitu miezi, nikajiuliza kwa nini hilo ndilo jibu la kwanza kwa kila mtu. Nadhani nimeelewa.

Kufomati kunachukua sekunde ishirini na kunaonekana kama matibabu. Fundi analipwa kwa wateja wengi, si kwa muda anaokaa na kadi yako moja. Na kwa kadi feki, kufomati ni kama kupaka ukuta rangi ili ufa usionekane. Ikishafomatiwa bado inasema GB 128. Bado inapokea muvi mbili. Unaenda nyumbani ukifurahi. Siku itakapojaa tena kupita GB 16 utakuwa umesahau risiti iko wapi, na utaambiwa ni laptopu yako. Au ni virusi tena.

Kufomati kunatibu ugonjwa mmoja tu: ule mpangilio wa faili ukiwa umeharibika, kwa mfano ulichomoa kadi kabla haijamaliza kuandika, au stima ilipotea laptopu ikiwa haina betri. Basi. Hakutibu adapta mbovu, hakutibu poti iliyolegea, hakutibu waya, hakutibu chipu iliyochoka, na hakuwezi kubadilisha GB 16 ziwe 128. Sasa kama kuna sababu sita za kadi kukatika, na dawa yako inatibu moja, na dawa hiyo hiyo inafuta kila kitu, mbona iwe ya kwanza? Kwa daktari tungeita hiyo nini?

KWANZA TUWE WAKWELI: SI KILA KADI INAYOKATIKA NI FEKI

Kabla hujaenda tao kupigana na mtu wa duka, pole pole. Mara nyingi kadi iko sawa na shida iko njiani, kati ya kadi na laptopu. Mimi mwenyewe nimewahi kulaumu kadi nzima wiki mbili, kumbe ni adapta ya mia.

Fuata hii orodha, na ufuate kwa mpangilio huo.

Kwanza, kataa. Laptopu ikiuliza kufomati, funga kidirisha. Usikubali hata kama inauliza kwa heshima. Kama kadi yako ndogo inaingia ndani ya adapta kubwa, angalia pembeni kuna kidude cha kusukuma. Kisukume upande wa kufunga. Laptopu nyingi zikiona hivyo haziandiki kitu kwa kadi, zinasoma tu. Na usiirudishe kwa kamera "kujaribu kurekodi kidogo".

Pili, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Anza na adapta, juu hiyo ndio rahisi na ndio huharibika mapema. Vile vyuma vyake vya ndani hulegea, ukigusa kidogo tu mawasiliano yanakatika. Halafu badilisha poti. Kama unatumia ile hub ya poti nne ambayo pia imebeba mausi, diski na chaja ya simu, toa kila kitu na uchomeke rida moja kwa moja kwa laptopu. Umeme ukigawanywa sana, rida inazima. Halafu jaribu rida nyingine. Halafu laptopu nyingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua ni kipi kilikuwa na makosa.

Tatu, angalia umri wa laptopu. Wengi wetu tuko na laptopu za mtumba kutoka Ulaya, na hakuna aibu. Lakini tundu lake la kadi limeshachomekwa na wenyewe wa kwanza miaka na miaka, limelegea. Na matundu mengine ya zamani yalitengenezwa kusoma kadi za mwisho GB 32. Ukiweka ya 64 au 128 yanachanganyikiwa. Hapo kadi haina makosa. Rida ya nje ya USB inamaliza hiyo kesi.

Nne, laptopu huwa inalala. Ili kuokoa betri, Windows inaweza kuzima poti ya USB ikidhani haitumiki. Ingia kwa mipangilio ya umeme, zima hiyo ya kulaza poti za USB, na ukopi laptopu ikiwa kwa stima.

Tano, safisha. Vile vyuma vya dhahabu nyuma ya kadi vikishikwa na vidole vyenye mafuta ya chipo vinashika uchafu. Pangusa na kitambaa laini kikavu. Usiteme mate. Usipulize kama kaseti ya gemu ya zamani, pumzi yako ina maji.

Sita, ikishika tu, okoa. Usianze na faili unayotaka kuposti. Anza na ile ambayo haiwezi kurekodiwa tena: sala, kiapo, mtoto akizaliwa, mzee akiongea. Kopi chache chache. Kadi ikiwa moto, itoe ipoe dakika kumi, urudi.

Saba, ikiwa bado inakatika kila mahali, kila rida, kila laptopu, basi kadi yenyewe ni mgonjwa. Chipu ikishindwa kusoma sehemu fulani, ile akili ndogo ya ndani ya kadi inakwama na kujizima, na laptopu inaona kama umeichomoa. Hapo wacha kurudia rudia. Kuna ddrescue, ya bure, ambayo inasoma sehemu nzuri kwanza na kurudi kwa zile mbaya baadaye, na kukutengenezea nakala nzima kwa diski nyingine. Halafu kuna PhotoRec, pia ya bure, inayotafuta picha na video ndani ya nakala hiyo hata kama mpangilio wa faili umeharibika. Chochote inachopata, kihifadhi kwa diski nyingine. Usikirudishe kwa kadi hiyo hiyo, utakuwa unafukua kaburi moja na kufukia lingine.

Na kama umeshafomati? Usiandike kitu kingine. Ile ya haraka hufuta orodha ya faili zaidi ya faili zenyewe, kwa hivyo matumaini yapo. Ukichagua ile ndefu kwa Windows, inaandika sufuri kila mahali, na hapo umemaliza kazi. Kama huwezi kufanya haya mwenyewe, tafuta mtu anayeweza, na ukimpata msikilize swali lake la kwanza. Akiuliza "ndani kuna nini?", kaa chini. Akisema yale maneno mawili, chukua kadi yako uende.

Nane, na hii ni baada ya kuokoa kila kitu: pima. Kwa Windows kuna H2testw, programu ndogo ya bure iliyotoka kwa gazeti la kompyuta la Ujerumani linaloitwa c't. Kwa Linux na Mac kuna F3. Zote zinafanya kitu kimoja: zinajaza kadi hadi juu, halafu zinasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 20 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaa, na muda mwingine wa kusoma. Iache ifanye ukienda kula. Ikipita, sasa ndio unaweza kufomati, na mimi sitakuwa na neno.

UNGA WA ROBO KILO

Sasa turudi kwa kadi za uongo, juu hapo ndipo hasira yangu iko.

Kadi feki hufanya kazi hivi. Mtu anachukua chipu ndogo, ya GB 8 au 16, mara nyingine iliyokataliwa kiwandani. Anabadilisha ile akili yake ndogo iseme ni 128. Anachapa nembo. Orodha ya majina ya faili huwa mwanzo wa kadi, kwa hivyo majina yanaandikwa vizuri na ukubwa wa faili unaonekana vizuri. Unaona video zako zote arobaini, na tarehe zake. Ndani hakuna kitu. Utagundua siku ya kukopi, wakati bibi na bwana harusi wameshasafiri na hema limeshakunjwa.

Nikimwambia mtu hivi ananijibu, "Si wewe ndio ulinunua ya bei rahisi?"

Sawa. Nilinunua. Bei ya nusu ilipaswa kuniambia kitu na nilijifanya sijaisikia. Hiyo naibeba. Lakini hebu fikiria umenunua pakiti ya unga ya kilo mbili. Umefika nyumbani, umefungua, umekuta gramu 250 za unga na zingine zote ni hewa. Kuna mtu angekuambia "si ulinunua bei rahisi"? Mtaa wote ungeenda kwa hiyo duka. GB 16 kwa 128 ni hesabu hiyo hiyo, moja kwa nane. Tofauti ni kwamba unga unapimika kwa macho na kadi haipimiki, na mwenye kuuza anajua hatupimi.

Wengine wananiambia, "Muuzaji pia ni hasla, naye alidanganywa na wa jumla." Inawezekana. Namwamini hata. Luthuli Avenue ina watu waaminifu wanaoamka saa kumi alfajiri, nimenunua kwao vitu vinavyofanya kazi hadi leo. Lakini hasla aliyedanganywa ana njia ya kujionyesha: achukue kadi moja kwa kila boksi, aiweke kwa laptopu ya duka, aache H2testw ikimbie asubuhi. Akikuta ni feki amrudishie wa jumla boksi nzima. Akiuza bila kupima, halafu nikirudi ananionyesha risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudi, huyo hajadanganywa tena. Ameamua hasara iwe yangu.

Na hiyo sentensi ya risiti, wasee, haifuti Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari kuhusu anachonunua, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Tuko na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tuko na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, na mamlaka yake ambayo unaweza kuripoti kwake. Na tuko na Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Najua hakuna mtu ataenda mahakamani kwa mia saba. Lakini kadi ya mia saba ikikuharibia kazi ya elfu arobaini, madai yako si ya mia saba tena. Weka risiti. Piga picha ya pakiti kabla hujaitupa. Piga picha ya matokeo ya kupima.

Mimi nilirudi mara tatu. Mara ya kwanza: "Hiyo ni laptopu yako, brathe." Mara ya pili: "Mwenye duka hayuko." Mara ya tatu nilienda na matokeo yamechapishwa kwa karatasi, Jumamosi saa saba, duka likiwa limejaa. Nikaongea polepole na kwa heshima, lakini sikuongea chini. Akasema atanipa kadi nyingine. Nikamwambia sawa, tuipime hapa hapa. Akaniangalia, akaangalia wateja, akafungua droo akanipa mia saba yangu. Hakutaka ipimwe. Na watu wawili waliokuwa nyuma yangu walirudisha zao kwa kaunta bila kununua.

"SI UWEKE KWA CLOUD"

Hii pia naisikia, hasa kutoka kwa watu wa Kilimani na Lavington walio na wifi ya nyumba. Sina ubaya nao. Lakini GB 60 za harusi moja kupitia bando ya simu ni pesa gani, na ni usiku ngapi? Ukitoka Lavington kuja Kawangware unavuka barabara tu, lakini hesabu ya intaneti inabadilika kabisa. Kwa wengi wetu kadi ndio hifadhi. Ndio maana uongo wake unauma.

Na usidhani ni mambo ya harusi pekee. Kumbuka tarehe 25 Juni 2024, vijana walipofika Bungeni. Aprili 2025 BBC Africa Eye walitoa filamu ya Blood Parliament, ambayo ilichambua zaidi ya picha na video 5,000 za siku hiyo kutafuta nani alifyatua risasi. Nyingi zilitoka kwa simu na kamera za watu wa kawaida. Zilipatikana kwa sababu kadi na simu zilizozibeba zilishika, na kwa sababu hakuna aliyeambiwa afomati. Sasa jiulize ni klipu ngapi za mtaa wako, za mambo makubwa na madogo, zimeishia kwa kadi ya GB 16 iliyojiita 128, na mwenyewe akaambiwa ni virusi.

NINACHOOMBA

Fundi, ndugu yangu, naomba swali moja kabla hujagusa kitu: ndani kuna nini, na kuna nakala mahali? Ukishauliza hilo, utoze hata mia tano, tutalipa. Na kama hujui kuokoa, sema hujui. Hakuna aibu.

Mwenye duka, weka laptopu moja kwa kaunta. Andika kwa karatasi: kadi zetu zimepimwa. Nakuhakikishia utauza kuliko jirani, na mimi nitakuwa wa kwanza kukutaja hapa bila kuomba shilingi.

Na sisi tunaorekodi: tupime kila kadi mpya kabla ya kazi ya mtu. Tubebe kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja ya asubuhi na moja ya mchana. Mzee akisimama kuongea, weka na simu irekodi sauti pembeni. Ukifika nyumbani, kopi ya shosho kwanza, likes baadaye. Hii ya mwisho najiandikia mimi.

Ile saa moja iliyookolewa niliipeleka Uthiru kwa flashi, nikaiacha. Kuna mahali kamera inapita na shosho anaonekana ameketi, ameshika kikombe, anaangalia watu wakinawa. Sekunde kama sita. Hasemi kitu. Mama aliirudisha hapo mara nne mbele yangu, halafu akaniletea chai.

Kama uko pande za Kawangware 46 na una kadi unayoishuku, niandikie. Nitaipima bure, mradi tu uwe na saa mbili. Lakini usiifomati kabla hujafika.